Asubuhi Yangu ni Daku

Nilipopangiwa kazi upande wa Mkokotoni, mama yangu alilia kana kwamba napelekwa nchi nyengine. Kutoka kwetu Kikwajuni mpaka kule ni mwendo wa saa moja na kidogo, lakini mama alizaliwa mjini, akaolewa mtaa wa pili, na kwake yeye kila kilichopita Mtoni, ukingoni mwa mji, kilikuwa shamba. Alinifungia mkate wa kumimina, chupa ya achari ya ndimu na dua ndefu. Baba, ambaye ni fundi cherahani, alikuwa barazani akipiga pasi kanzu ya mtu, na hakuinua hata kichwa.

"Mwache mtoto ende," alisema. "Ijumaa atarudi, na njaa yake."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na stashahada ya famasia mkononi, na sikuwa na furaha nayo. Tangu skuli nilikuwa nimetaka udaktari. Nyumba nzima ilijua, mtaa ulijua, hata wateja wa baba waliokuja kupimwa nguo walijua. Kisha matokeo ya kidato cha sita yakatoka, na kemia ikaniangusha. Nikaambiwa famasia ipo, ngazi ya stashahada, nikakubali kama mtu aliyekwenda sokoni kununua nguru akarudi na dagaa. Dagaa ni chakula, lakini humpigii mtu simu kumsimulia.

Kituo cha afya nilichopelekwa kilikuwa kidogo: daktari mmoja, wauguzi wachache, chumba cha vitanda vinne, na dirisha la dawa lililotazama kiwanja cha mchanga ambako wagonjwa walisubiri. Nyuma ya dirisha hilo alitawala mwanamke wa makamo, mwenyeji wa huko huko kaskazini, mkuu wa famasia. Kila mtu alimwita Bi Mkuu. Alikuwa mrefu, mkavu, na miwani yake alikuwa akiivaa zaidi kifuani kuliko machoni. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa koti na kunionyesha kabati. Sikumbuki kama aliniambia karibu.

Alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Hakumruhusu mgonjwa aondoke dirishani mpaka amrudishie maelezo ya dawa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Haya, nambie. Utazinywa vipi?"

"Si ushanambia, Bi Mkuu?" mzee mmoja alimlalamikia.

"Nshakwambia. Sasa nambie wewe."

Mzee akababaika, akasema vidonge vitatu asubuhi. Vilikuwa kimoja, mara tatu kwa kutwa. Bi Mkuu akaanza upya, polepole, kama kwamba nyuma ya yule mzee hapakuwa na watu thelathini juani.

Mimi sikuwa hivyo. Mikono yangu ilikuwa myepesi. Nilisoma cheti cha daktari mara moja, nikahesabu vidonge, nikaandika juu ya kifuko, nikasema maneno yangu na kumwita mwengine. Watu walikuwa wakichungulia wajue nani yuko dirishani, na wakiniona mimi nyuso zao hutulia, kwani walijua watarudi majumbani mapema. Hilo lilinipa kichwa kikubwa. Bi Mkuu alinikanya mara mbili, tatu. "Usimtoe mtu kabla hajakwambia," alisema. Nikaitikia naam, naye alipokwenda stoo nikaendelea na mwendo wangu.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kuingia Ramadhani alipokuja mwalimu wa chuo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi kutoka Tumbatu, mwenye chuo cha Kur-ani nyumbani kwake, na alivuka kuja kwetu kwa sababu ya kisukari. Siku hiyo daktari alikuwa amembadilishia dawa, amempa vidonge vyenye nguvu zaidi vya kuteremsha sukari. Kisiwani hakuna mbali, lakini boti hungoja watu wake kwa muda wake, na mwanawe wa kike aliyemsindikiza alikuwa ameshaanza kumwambia, "Mama, tutaachwa."

Nilimpa kifuko chake. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni," nikasema. "Kabla ya kula."

Alinitazama kidogo. Nakumbuka vizuri kwamba alinitazama, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kupokea cheti cha mtu wa nyuma yake.

Jioni ile ile nilikwenda kununua tende kwa ajili ya mwezi unaoingia. Nilichagua zile laini, nikampelekea na mwenye nyumba niliyopanga. Ramadhani ilikuwa mikononi mwangu, naibeba kwenye mfuko, na haikunipitikia hata mara moja kumfikiria yule mwalimu na vidonge vyake.

Siku ya tatu ya mfungo, baada ya adhuhuri, walimleta. Walikuwa wamempakia kwenye boti akiwa amelala, kisha wakambeba kutoka ufukweni wanne wanne. Nguo zake zilikuwa zimerowa, nikadhani ni maji ya bahari. Lilikuwa jasho. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakitazama kitu, na mwanawe alikuwa akimwita, "Mama, mama," kwa sauti ya mtu aliyeshaita muda mrefu. Muuguzi alimchoma kidole, akatazama kipimo, akapiga kelele kumwita daktari. Sukari ilikuwa imeshuka mpaka karibu na chini kabisa. Wakamtundikia maji ya sukari kwenye mshipa.

Nilisimama mlangoni. Kifuko cha dawa kilikuwa mkononi mwa binti, na mwandiko ulikuwa wangu.

Bi Mkuu alikitwaa kile kifuko, akavaa miwani yake, akasoma. "Nani alimpa?"

"Mimi."

"Alikwambia atazinywa vipi?"

Nikatikisa kichwa kuwa hapana. Hakunigombeza. Natamani angenigombeza, kwani nilikuwa nimeshajitayarisha. Alivuta kiti cha mbao, akakiweka pembeni ya kitanda.

"Kaa hapa," alisema. "Akizinduka, muulize alisikia nini. Kisha mwambie kwamba ni wewe."

Mwalimu alizinduka baada ya muda ambao kwa saa haukuwa mrefu. Kwanza vidole vilicheza, kisha midomo, kisha akauliza kama wanafunzi wake wameshakwenda kwao. Nilipomsikia akiuliza vile, machozi yalinitoka yenyewe. Daktari alisema alale kwetu mpaka kesho, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini na sukari ingeweza kushuka tena. Alasiri, alipokuwa ameketi na mto mgongoni, nilimuuliza.

"Mwalimu, siku ile mimi nilikwambia uzinywe vipi zile dawa?"

"Asubuhi na jioni."

"Na wewe ukazinywa lini?"

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto herufi. Asubuhi yake katika Ramadhani ni daku, kile chakula cha kabla ya alfajiri. Alikunywa kidonge, akala tonge mbili za wali na kikombe cha chai, akanuia saumu. Jioni yake ni futari. Alifanya kama nilivyomwambia, hakuacha hata siku moja. Mwili ulimtetemeka tangu siku ya kwanza, akadhani ni njaa ya mwanzo wa mwezi, na siku ya tatu akaanguka akisikiliza mtoto anasoma.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekupa. Nilijua Ramadhani inaingia na sikukuuliza kama utafunga. Ilipasa urudi kwa daktari akupangie upya. Nakutaka radhi."

Chumbani humo humo mwanawe alikuwa amesimama, na nilimwona akikaza shela yake kichwani kwa hasira. Alikuwa na haki.

"Mimi nilitaka kukuuliza," mwalimu akasema mwishowe. "Nilitaka kukuuliza habari ya mfungo. Lakini nilikuona una haraka, nikaona haya."

Maneno hayo sijayasahau na sitaki kuyasahau. Mwanamke aliyewasomesha watoto wa kisiwa kizima, asiyemwonea haya mtu, alinionea haya mimi kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshamnyooshea mwengine.

Kituo kilikuwa na daftari la kuandika matukio kama hayo. Niliandika kwa mkono wangu, nikaacha wazi mstari wa mwisho, ule wa hatua iliyochukuliwa, kwani sikujua niuandike nini. Nilikuwa na yakini kwamba nitafukuzwa. Nikawaza nitakavyorudi Kikwajuni na begi langu, na mama atakavyofurahi kabla ya kuuliza kwa nini. Alipokuja mkubwa wa afya wa wilaya kusikiliza, Bi Mkuu alizungumza kabla yangu.

"Dirisha ni langu," alisema. "Nilimwona anakwenda mbio nikamwacha. Mkiandika, andikeni majina mawili."

Waliandika mawili. Sote tulipewa onyo, na daktari naye akaambiwa yake, kwani hata yeye hakuuliza. Nilipojaribu kumshukuru Bi Mkuu, aliniambia nipange kabati la dawa za macho.

Mwalimu alinisamehe siku ile aliyotoka, lakini kwa sharti. "Uje chuoni kwangu," alisema. "Kule wako wengi wanaofanya kama mimi na hawajaanguka bado."

Basi Jumamosi iliyofuata tulivuka, mimi na Bi Mkuu. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini juu ya mikeka, kila mmoja na mfuko wake wa dawa mapajani, kama wanafunzi walioitwa kwenye mtihani. Wakizungumza wao kwa wao, Kitumbatu kilinipita. Mimi mtoto wa mjini nilishika neno moja katika matatu, na Bi Mkuu akanifasiria. Tulimwaga mifuko ile moja moja. Mmoja alikuwa akigawana vidonge vya presha na jirani yake, nusu kwa nusu, kwa mapenzi. Mwengine alikuwa na dawa tano, na mbili kati ya hizo zilikuwa dawa moja yenye majina mawili. Bibi mmoja alikuwa akitia matone ya macho sikioni, na alitukatalia katakata kuacha, kwa sababu sikio lilikuwa limepona.

"Na jicho?" nikamuuliza.

"Jicho halikuwa na kitu."

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu mwalimu alipoletwa. Tulikaa mpaka alasiri. Waliokuwa na kisukari tuliwaandikia waje kwa daktari Jumatatu awapangie saa mpya, na wachache tuliwaambia wasifunge mpaka amewaona. Hao wachache walilia. Mwalimu, ambaye alikuwa miongoni mwao mwaka ule, ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia kwamba aliyeweka saumu ndiye aliyeweka na ruhusa, na kwamba kuikataa ruhusa si uchaji. Mimi nisingeweza kulisema hilo hata ningesoma miaka kumi.

Tulipokuwa tunarudi, nilimwambia Bi Mkuu kwamba nataka kusoma zaidi. Sikuwa nimepanga kusema. Nilikuwa nafikiria zile dawa tano, na jinsi nilivyotambua mbili kuwa moja kwa bahati tu, kwa sababu niliwahi kuona majina yote mawili ubavuni mwa sanduku moja.

"Udaktari?" akauliza.

"Famasia. Shahada."

Akavua miwani. "Mimi nshachelewa," akasema. "Wewe nenda."

Ilichukua miaka mitatu kupata nafasi, na miaka hiyo nilibaki dirishani kwake, nikiwauliza watu watazinywa vipi mpaka wakanichoka. Wale waliokuwa wakifurahi kuniona sasa walichungulia wakaguna. Kisha nikapata chuo Dar es Salaam, na kemia ikanikuta huko huko, ikiwa imekua pamoja na mimi. Mwaka wa kwanza nilifeli mtihani wa kemia ya kaboni. Nilirudi Unguja likizo nikiwa na karatasi ya kurudia mtihani na aibu ambayo sikujua niiweke wapi.

Baba hakuniuliza nimefeli nini. Aliniambia nikae barazani karibu na cherahani yake nimsomee.

"Baba, hutafahamu."

"Ndiyo maana unisomee. Ukinifahamisha mimi, kila mtu atafahamu."

Nikamsomea kila siku kwa wiki tano, yeye akikanyaga cherahani yake. Nilipomaliza kipande, alisimamisha gurudumu na kunirudishia alichosikia. Mara ya kwanza nilipomweleza kwamba kaboni ina mikono minne ya kushikia wenzake, alifikiri kidogo, akasema, "Mimi ningekuwa nayo minne ningeshona suti mbili kwa wakati mmoja." Lakini kesho yake aliniuliza swali: kaboni ikishika mwenzake kwa mikono miwili, ile miwili iliyobaki inafanya nini? Nikamjibu, na katikati ya jibu nikagundua kwamba hapo ndipo nilipopotea katika mtihani. Mama alipita na sinia la mchele akasema tumerukwa na akili sote wawili. Nilirudia mtihani, nikapita. Baba aliambiwa na mteja wake mmoja kwamba nimepita, kwa sababu mimi nilimpigia simu mama kwanza, naye akautangazia mtaa, na nadhani mpaka leo baba hajanisamehe kabisa.

Sasa mimi ni mfamasia katika hospitali ya mjini. Kazi yangu nusu yake ni dirisha na nusu yake ni kuzunguka wodini na madaktari, nikiwaambia dawa gani haipatani na nyengine. Baadhi yao husikiliza. Miguu huniuma ikifika saa nane. Kila mwezi wa Shaabani huomba ruhusa nikaenda vijijini kuzungumza na wagonjwa wa kisukari kabla ya mfungo kuingia. Mwaka huu nilikwenda Fumba, na mafundi wanaojenga nyumba mpya huko waliacha kazi wakaja na vumbi lao la saruji. Mwalimu wa Tumbatu yu hai, macho yamempungua, na wajukuu wake ndio wanaosikiliza watoto chuoni. Hunipigia simu Idi zote mbili.

Nilipopata leseni, wa kwanza niliyekwenda kumwonyesha baada ya wazee wangu alikuwa Bi Mkuu. Alikuwa ameshastaafu na kurudi kijijini kwao. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kumshukuru, nimeyapanga kama khutba. Aliipokea leseni, akavaa miwani, akasoma mpaka herufi ndogo za chini. Kisha akaiweka juu ya meza, akaifunika kwa mkono wake, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kazini.

Alipokuwa msichana, ameanza kutoa dawa katika kijiji chengine, alimpa mama mmoja dawa ya maji ya malaria kwa mtoto wake, ile chungu ya zamani. Alimwambia ampe kijiko kimoja. Hakumwuliza kijiko gani. Nyumba ile ilikuwa na kijiko kimoja tu, cha kupakulia mchuzi.

"Wako aliamka," alisema. "Wangu hakuamka."

Nikasogea karibu naye.

"Yule mama alidhani ni homa. Watu wote walidhani ni homa. Nilikwenda matangani, nikakaa naye mkekani, akanishukuru kwa kuja. Na mimi nikanyamaza. Kila mwaka nilisema ntamwambia, mpaka akafa." Alinitazama. "Ndiyo maana nilikuwekea kile kiti. Nilitaka useme siku ile ile, kabla ulimi haujazoea kunyamaza."

Nilikuwa nimeamini miaka yote ile kwamba alinikalisha pale kuniadhibu. Nikashika mkono wake, ule uliokuwa juu ya leseni yangu, na maneno yote niliyoyatunga yakanipotea. Nilisema ahsante tu. Nikasema tena.

"Haya," alisema. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. Aliinuka kwa kuegemea bega langu, akanituma kwenye kasiki nimtekee maji ya udhu, na nilipokuwa nammiminia mikononi alianza kuniuliza habari za dawa mpya za presha, moja moja, na kila nilipomjibu akatikisa kichwa kukubali.